Sabuni ya Kuishia Mwilini

Dada Nyangeta, Bunda hamjambo? Huku Kiriba ukweni wamenipokea vizuri, sato wa kuchoma nakula mpaka basi, ila leo nina jambo la kukusimulia.

Unakumbuka nilivyokucheka ulipokuwa unanikatia mche wa sabuni wa kuja nao huku vipande vyembamba, kila kimoja cha kuogea mara moja? Leo asubuhi tumeenda kuoga ziwani na wifi na mama mkwe. Wifi alikuwa na kipande kikubwa. Kikamponyoka, akainama kukitafuta, anapapasa, anasogea mbele, mpaka maji yakamfika kiunoni. Matete yakatikisika, na upepo hakuna.

Mama mkwe akasema polepole, "Achana na hiyo sabuni, mwanangu. Mamba anachukuaga wanaoifuata."

Wifi akarudi kinyumenyume. Hatukupumua mpaka alipokanyaga mchanga. Kilichokuwa kwenye matete hatukukiona.

Kipande changu cha sabuni kilikuwa kimeishia mwilini, sikuwa na cha kufuata.

Jioni hii wifi amekuja, akaninyooshea kiganja. Nimempa vipande vyote vilivyobaki. Mimi nitaoga kwa karai mpaka nirudi.

Mungu akutunze, dada, wewe na hicho kisu chako.

Mdogo wako, Neema