Shefu wa Biro Arudia Neno Letu

Mama Furaha wangu,

Salamu kutoka Goma, kwenye vumbi nyeusi ya volkano. Hata sambaza, vile visamaki vya ziwa, nilizokula leo zilikuwa na muchanga.

Nimefika kwa ile biro, ofisi ya uhusiano ya muungano wa nchi zetu, nikawaambia kwamba sisi wakimbizi wa Masisi hatuhami hapo Rutshuru mbele ya kuvuna maharagi, kwanza tuvune. Shefu, mukubwa wa biro, kijana mwenye kuvaa tai, akanipokea vizuri.

“Papa, sisi hapa hatuamui kitu. Tunasikiliza, tunapeleka kwa makao makuu. Wakubwa wa nchi zote wanaamua huko.”

“Basi wewe ni mujumbe.”

“Ndiyo, muzee.”

“Kwetu milimani, mujumbe haondoki bila kurudia neno mbele ya mwenye kumutuma. Rudia.”

Akacheka. Mimi nikabaki kwenye kiti. Akakohoa: “Wakimbizi wana wasiwasi juu ya kuhamishwa.”

“Nani alikutajia wasiwasi? Wewe, mutoto yangu, hata chumvi siwezi kukutuma!”

Nikamurudisha kwenye neno letu mpaka akasema kwa nguvu: “Hatuhami mbele ya kuvuna!” Mama mwenye kupangusa biro akapiga vigelegele. Shefu akaona haya, lakini akaandika hivyo hivyo.

Makao makuu watajibu nini, sijui. Wakituma magari ya kutuhamisha, yatatukuta shambani. Kwa hiyo palilia, mupenzi, na jirani wapalilie.

Ujifunike vizuri usiku, baridi isizoee nafasi yangu kwenye mukeka.

Bwana yako mutundu,
Papa Furaha