Mti wa Mama na Mtungi wa Manjano

Dagoretti Corner,
S.L.P. 60417,
Nairobi.
14 Julai, 1991.

Mpendwa kaka Wahome,

Hujambo, mwana wa mama? Natumai barua hii itakukuta una afya, na mvua za Pune huko India hazijakugeuza chura. Sisi huku Julai imeingia na ukungu wake, nguo hazikauki, na Dagoretti nzima inakohoa. Je, tumbo lililokusumbua wakati wa Pasaka lilipona kabisa? Na chakula chao umekizoea, ama bado unaota irio? Manjula wa pale kazini anasema ukiendelea kukataa pilipili utarudi kwetu umekonda kama fito.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimekaa kimya muda mrefu. Kila nikishika kalamu naiweka chini.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa mbwembwe kwamba maabara yetu imekubali kuuchunguza ule mti wa muthiga ulio nyuma ya jiko la Mama? Baada ya dada yetu Wangeci kufa kwa malaria aliyoipata Mwea alikokuwa akifundisha, na dawa za hospitali zikashindwa, Mama hakutaka kusikia lingine. Homa zetu zote za utotoni, alisema, zilitibiwa na maji makali ya gome lile, na Wangeci angekuwa nyumbani asingekufa. Sikumbishia. Hata wewe hungethubutu.

Kazi yenyewe si uganga, ni subira tu. Gome linakaushwa kivulini, linatwangwa, linalowekwa kwenye spiriti, kisha spiriti inavukizwa hadi ibaki lami nyeusi yenye kila kitu cha mti. Lami hiyo unaiweka juu ya bomba la kioo lililojazwa unga mweupe, unaisukuma kwa spiriti tone kwa tone, na rangi zinaachana zenyewe, kijani huku, manjano kule. Unachukua moja, unairudia tena na tena. Gunia zima linaishia kuwa kitu cha kupaka ukucha. Dakta Mahesh, mkubwa wetu, husema mti ni bahili kuliko mjomba wake mwenye duka Biashara Street.

Kwa hiyo gome lilihitajika jingi. Sheria ya shosho, nyanya yetu, unaijua: toa upande mmoja tu, paka kidonda samadi na udongo, ngoja kipone ndipo uguse upande wa pili. Nilimwambia Mama tutangoja. Jumamosi moja nikafika nikakuta ameuchuna mti wote, kuzunguka, toka chini hadi mkono wake ulipofika, na magunia yamefungwa mlangoni. Yeye, aliyetuchapa kwa kuchonga majina yetu kwenye mti uleule! Alisema watoto wa wenzake wanakufa sasa hivi, mti unasubiriwa kwa nini.

Siku hiyo akanipa na ule mtungi wa plastiki wa manjano wa kuchotea maji. Nilikuwa nimelalamika kwamba chupa zetu kubwa za spiriti zimevunjika, na kuagiza nyingine kutoka nje ni shida tupu. Akausugua kwa mchanga hadi ukang'aa. Kazini uliwafurahisha watu hata tukaubatiza Mama Wahome. Ilikuwa lete Mama Wahome, jaza Mama Wahome, kutwa nzima.

Mwishowe tukapata mafuta angavu, yasiyo na rangi wala harufu. Kila kipimo chetu kilionyesha kitu kimoja tu, safi. Ila kuna jambo lilinikereketa. Ile lami nyeusi iliua vimelea vya malaria vizuri, lakini kadiri tulivyozidi kusafisha ndivyo nguvu ilivyozidi kupungua, na mafuta haya hayakufanya karibu lolote. Tukajiambia labda tumeyachemsha kupita kiasi. Ukipenda chongo huita kengeza.

Dakta akayapeleka Ulaya kwenye mashine tusiyo nayo. Mama naye akaanza kuwaambia wanawake wa kanisani kwamba dawa ya Wangeci iko njiani. Ndivyo alivyoiita.

Jibu lilikuja kwa simu mwezi wa tano. Dakta alitoka ofisini, akakaa kwenye kiti changu. Kisha akasema, "Muthoni, hii kitu si ya mti. Ni ya plastic. Spirit imekula mtungi." Nikamwuliza mtungi gani, na hali nilijua.

Yaani, Wahome, ni kile wanachochanganya kwenye plastiki ili iwe laini. Hicho ndicho tulichokisafisha kwa uangalifu wote ule. Tulikuwa tunamchuja Mama Wahome. Na dawa ya kweli, kama ilikuwemo, tuliimwaga kwenye sinki pamoja na yote tuliyoyaona takataka. Wafadhili wamejitoa na kazi ya muthiga imesimamishwa. Mti umekauka hadi kileleni. Nimelia mpaka nimechoka kulia, na mwanga siuoni, kaka, sitakudanganya.

Jumapili iliyopita nikajikaza nikaenda kumwambia Mama. Nilisema tu kwamba dawa haikupatikana. Aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akauliza, "Ni mti ulikuwa mbaya ama ni mikono yenu?"

Nikasema ni mikono yetu.

Akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akarudi anaburuta gunia. Alikuwa amechimba mizizi akaichuna nayo. Kumbe nilikuwa bado na tumaini dogo kwamba mti ungechipua shinani; sasa hata hilo limekwisha. Halafu akaingia ndani, akatoka na mtungi mwingine wa manjano, mpya, uliosuguliwa kwa mchanga.

"Basi mrudie kazi," akasema. "Huu hauna uchafu wowote."

Niliupokea kwa mikono miwili nikasema asante. Uko hapa chini ya meza ninapoandika. Siwezi kuutumia na siwezi kuutupa.

Nakuomba jambo moja. Ukimwandikia Mama, msifu kwa mti wake, na umwambie umesikia makosa yalikuwa yetu. Habari ya mtungi usimwambie kamwe. Alitupa vyote alivyokuwa navyo, na sitaki ajue ni kipi kilichotuangusha.

Nisalimie Kirit mnayekaa naye chumba kimoja, na familia ya Nurjahan iliyokukaribisha kama mwana wao. Baba mdogo Jamleck wa Loresho anakusalimu, na mkewe Philister anakukumbuka katika maombi. Mungu akulinde ugenini, akupe usingizi ambao mimi sina.

Mama anakusalimu kuliko wote. Anasema nikuambie usome kwa bidii urudi upesi, kwa sababu dawa ya Wangeci sasa iko karibu.

Ni mimi nikupendaye, dada yako,
Muthoni