Siku Nilipoungama kwenye Foni

Beni, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Bwana iwe nawe na wote walio chini ya paa letu. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Lubero? Baba bado anakohoa asubuhi? Viazi ulivyotuma vilifika vyote, hata kimoja hakikuoza. Mama Mudogo Kahambu alivipika siku ileile na maharage, na watoto wake walikula mpaka wakauliza kama Lubero watu wanakula hivyo kila siku. Niliwaambia ndiyo, wakaomba kuhamia kwako.

Mimi ni mzima. Malaria ilinishika wiki moja, imeisha. Barua hii analeta Mama Kanyere anayeuza mafuta ya mawese. Nimemwomba aifunge ndani ya kitambaa cha kichwa, kwa sababu kwenye bariere za njiani askari wanafungua mifuko yote.

Umeuliza mara mbili kwa nini nimenyamaza. Si kazi nyingi, Mama. Nilikuwa na aibu, na sikutaka kukuandikia barua ya kuficha. Leo nitakueleza yote, uniwie radhi kama itakuwa ndefu.

Unajua kwamba baada ya kumaliza shule Butembo sikupata njia ya kuendelea, Mama Mudogo akaniombea kazi kwa Bwana Mumbere. Ana foni, ile redio ya kusemea mbali, katika kibanda karibu na hospitali. Kuna betri ya gari, mikro ya kusemea, na waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Watu wa Mutwanga, Eringeti na hata Butembo wanakuja kwenye foni za kwao kuuliza habari za wagonjwa wao walio hapa. Mimi ninakwenda hospitali, ninauliza, ninarudi kusema. Kila anayengoja foleni anasikia, huku na kule.

Wewe unanijua. Kanisani nilikuwa siwezi hata kusoma somo. Wiki ya kwanza nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba Katembo, anayeshika foni ya Mutwanga, aliuliza mbele ya watu wote, maana kwenye foni tunaitana kwa majina ya miji: "Beni, ni panya gani amekamata mikro?" Watu wakacheka pande zote mbili. Nililia nyumbani. Lakini Katembo si mbaya, anataniana na kila mtu, na polepole nilizoea.

Bwana Mumbere naye si mtu mbaya. Alifundisha dini na maadili katika shule ya sekondari miaka kumi na miwili, mpaka mishahara ilipokatika. Siku zangu za mwanzo aliniambia: "Mutoto, ukweli ni dawa. Unapima na mutu. Dawa ya mutu mukubwa inaua mutoto. Na mema ya wakati ya amani haiko mema ya wakati ya vita." Basi kila mteja alipewa ukweli wa kipimo chake. Mfanyabiashara aliambiwa njia ni nzuri ili asikate tamaa. Askari waliokuja kuuliza nani amesafiri waliambiwa jina jingine. Mama mwenye mtoto mahututi aliambiwa homa imeshuka. Nami niliona kwamba mara nyingine uongo huo, bongo kama wanavyosema hapa, ulisaidia kweli, hasa ile ya askari. Nilisema yale aliyoniandikia kwenye karatasi.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Alikuwako hapa hospitali mwanamume mmoja, Paluku, mkulima wa kahawa wa juu ya Mutwanga, mgonjwa wa tumbo. Alikufa Jumatano asubuhi. Mchana huohuo mke wake, Mama Masika, alifika kwenye foni ya kwao kuuliza. Bwana Mumbere aliniandikia: anaendelea vizuri, ameanza kunywa supu. Nilimwangalia. Akaninong'oneza kwamba yule mama ana mimba ya miezi saba, kwamba njia ilikuwa imeharibika wiki ile, na kwamba wadogo wa marehemu waliokuwa hapa watapanda Jumamosi kumwambia uso kwa uso, kama inavyofaa. "Ukimwambia sasa utamupoteza na mimba yake. Upendo gani huo?"

Nikasema supu. Mama, nilisikia yule mama akicheka kwa furaha. Redio ilikuwa inakwaruza lakini kicheko kilipita wazi.

Wadogo wa marehemu walizuiliwa bariere, hawakupanda. Jumamosi Mama Masika alishuka mwenyewe juu ya camionnette ya mizigo, na kuku mmoja na shati la mumewe lililopigwa pasi. Hospitali walimwonyesha kaburi. Walikuwa wamemzika Alhamisi.

Alikuja mlangoni kwetu. Nilifikiri atapiga kelele, lakini alisema taratibu tu, akiniangalia mimi, si Bwana Mumbere.

"Weye ndio ile sauti?"

Nikasema ndiyo.

"Alhamisi kulikuwa ndoa kwa jirani. Nilicheza. Batu baliniona nacheza, siku munamuzika bwana yangu. Ulininyang'anya kilio yangu."

Akaondoka na kuku wake chini ya mkono. Mimi sikumwomba radhi.

Tangu siku hiyo Mutwanga hawakutuamini tena. Watu walikuja kwenye foni na maswali ya mtego. Mzee mmoja alitaka nimuulize mkewe wodini jina la mbuzi wao aliyeibiwa mwaka jana, ndipo aamini kwamba yuko hai. Tulicheka, lakini si sana. Wengine waliacha kuja kabisa, wakatuma mtu kwa pikipiki kuangalia kwa macho, na njia ni mbaya. Kisha jambo baya zaidi likatokea. Mtu mmoja wa huko aliitwa kwa foni, si yetu, kwamba mdogo wake amefika Beni na mizigo. Alipofika bariere askari walikuwa wanamngoja, wakampeleka kubeba risasi. Hajarudi.

Na hapa mjini, Mama, ni hivyohivyo. Anayetia maji ndani ya mafuta anasema ni vita. Anayekana amana ya jirani yake anasema ni vita. Kila mutu na yake, wanasema. Neno hilo limekuwa ufunguo unaofungua kila kufuli. Nilifikiri sana juu ya hilo. Baba alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, nami nilidhani ni fundisho la watoto wasiibe sukari. Sasa niliona ni kama daraja la njia kuu. Kila mmoja akichukua ubao mmoja kwa shida yake ya kweli, hakuna mwovu kati yao, lakini siku moja hakuna anayevuka.

Wiki tatu zilipita. Jumanne, saa nne asubuhi, muuguzi wa maternité, wodi ya wazazi, alikuja kwetu anakimbia. Msichana mmoja wa Mutwanga, Kyakimwa, wa umri wangu, alikuwa amezaa usiku na damu haikatiki. Hospitali haikuwa na damu ya aina yake. Kaka yake, Kakule, aliwahi kumpa damu katika uzazi wa kwanza. Afike leo kabla ya jua kuzama, au basi.

Niliita Mutwanga. Katembo alituma mtu kumtafuta Kakule, na kwa bahati alikuwa sokoni. Alipokuwa anatafutwa nilikimbia maternité, nikamwona Kyakimwa kwa macho yangu, nikarudi. Nilimweleza. Akajibu bila hasira, kama mtu anayekataa kununua kitu:

"Beni, juzi mulisema supu. Sasa munasema damu. Bariere banangoja nani? Mie siko mupumbavu."

Bwana Mumbere alisukuma karatasi mbele yangu. Alikuwa ameandika: sema amekwisha kufa, waje kuchukua maiti. Akasema kwa haraka kwamba kwa maiti watu hawangoji, ukoo mzima utamsukuma kijana, na bongo ya kuokoa mtu haiko bongo.

Mama, nilimjibu mkubwa wangu. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilisema, "Bwana Mumbere, hii itaokoa huyu. Kesho tutaokoa mwingine na nini?" Nikageuza karatasi, nikashika mikro. Foleni yote ilikuwa nyuma yangu, na foleni ya Mutwanga kule.

"Kakule, sikia. Mimi ninaitwa Kavira. Ile siku nilimwambia Mama Masika kama bwana yake anakunywa supu, nilijua amekufa. Nilisema bongo na mudomo yangu mwenyewe. Mama Masika, kama uko hapo, ao kama watakufikishia, ninakuomba musamaha. Batu yote ya Mutwanga, ninawaomba musamaha. À toi."

Neno hilo la mwisho ndilo tunalompa mwingine zamu ya kusema. Kulikuwa na mkwaruzo tu, muda mrefu. Nilifikiri betri imekwisha. Kisha Kakule akauliza:

"Na njia?"

Hapo ningeweza kusema njia ni nzuri. Nilitamani sana, kwa sababu ya Kyakimwa.

"Njia sijue. Camionnette ya asubuhi ilipita. Ile ya jana walishusha batu, wakashika babili. Kama utafika muzima, siwezi kukuahidi. Dada yako iko muzima sasa hivi, saa ine na nusu, nimetoka kumuona. Muganga anasema bila damu hatafika usiku. Ni hii tu ninajua."

Kisha nikasikia kama anamwambia Katembo, si mimi: "Mutu mwenye kunitega hawezi kunielezea njia vile." Na Katembo, bila utani wowote, akasema: "Beni, amekwisha kutoka. Anatafuta pikipiki."

Sikula mchana ule. Nilikaa maternité nikimshika Kyakimwa mkono, baridi kama maji ya mto wetu. Nilijiuliza kama nimemuua kaka mtu kwa ukweli wangu, kama nilivyomuumiza Mama Masika kwa bongo yangu. Sitaki kukudanganya, Mama: ukweli haukunipa amani wakati ule. Nilikuwa naogopa tu.

Saa tisa alifika, matope mpaka kiunoni. Bariere walimnyang'anya pikipiki na viatu, akakimbia kilomita za mwisho pekupeku. Alilala kitandani kando ya dada yake na wakamtoa damu. Jioni Kyakimwa aliomba uji. Leo anakaa, ananyonyesha mtoto wa kike, anamgombeza kaka yake kwa kuharibu mashuka ya hospitali kwa matope.

Bwana Mumbere hakusema nami siku mbili. Mama Mudogo alikuwa tayari ananitafutia kazi ya kushona. Siku ya tatu Bwana Mumbere aliniambia kwamba nilimvua nguo mbele ya Mutwanga yote. Nikasema nilitaja mdomo wangu tu. Ndipo akanieleza kitu ambacho sikujua: mwaka wa kwanza wa foni alimwambia mama mmoja kifo cha mtoto wake, na yule mama alianguka palepale, hakuinuka tena. "Tangu siku ile sijue namna ya kusema," aliniambia. "Jaribu weye."

Niliona kwamba mambo yote yale ya dawa na vipimo yalikuwa woga wa mtu mwenye huruma. Ninamheshimu zaidi kuliko zamani.

Basi Ijumaa nilijaribu. Mzee Mbusa wa Mutwanga alifika kwenye foni ya kwao kumuulizia mkewe aliyelazwa hapa, naye alikuwa amefariki alfajiri. Kwanza nilimwomba Katembo ampe mzee kiti, na amwite mke wa katekista akae karibu naye. Nilingoja mpaka aliponiambia wamekaa. Ndipo nikasema kwamba mama amekufa saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba hakuwa peke yake, sista mmoja alikuwa amemshika mkono.

Akauliza, "Ulimuona?"

Nikasema, "Sikumuona, muzee. Niliuliza yule alimuona."

Kisha akasema polepole, "Basi ni kweli. Wasingya, mwana wangu. Sasa ninajua fasi ya kuelekeza miguu." Shukrani ya kwetu, Mama, kwa habari kama ile! Nilitoka nje nikalia, lakini si kilio cha aibu.

Wiki hii watu wa Mutwanga wameanza kurudi kwenye foleni, na mzee wa mbuzi ameacha maswali yake. Mama Masika hajanijibu. Sina haki ya kumharakisha. Njia ikitulia nitapanda kwake mwenyewe, nikae naye katika matanga ambayo nilimnyima, hata kama atanifukuza. Jambo la askari bado sijui. Wakiuliza, sasa ninasema siwezi kutaja safari za watu. Muulize Baba kama nimefanya vema, na kama kuna njia bora anielekeze.

Msalimie Baba sana, na ajifunike kifua asubuhi. Msalimie Koko, bibi yetu, mwambie kikapu alichonisukia ndicho ninachokwenda nacho hospitali. Msalimie mkubwa wangu, yaya Muhindo, na shamba lake la viazi kule mlimani, na mdogo wangu Soki, asiache shule. Katekista wetu na mama jirani wa kisimani wasalimie pia.

Jambo moja la mwisho, Mama. Parokia ya Lubero nayo ina foni. Siku moja vita inaweza kuifunga njia kabisa, utaitwa pale, utasikia sauti yangu. Nikikuambia niko mzima, basi niko mzima. Rudi nyumbani ukalale.

Mwana wako akupendaye,
Kavira