Kompyuta Isiyojua Ina Mtoto Mgongoni

Mdogo wangu Respa,

Goti lako likoje? Usinijibu kwamba limepona, najua bado unapanda kile kilima na mtungi kama msichana. Mimi nipo. Moshi wa majirani unanibana kifua, lakini mdomo mzima, kwa hivyo usinihurumie. Ningekupigia, ila kwa simu wewe hulia kabla sijamaliza. Barua utaisoma hata ukilia.

Uliniambia nimuulize Elam mwenyewe kama anataka kurudishwa nyumbani, kabla hamjamaliza kukandika ile nyumba mnayomjengea. Unajua vile mwanangu alivyo. Tangu mshipa wa damu ulipompasukia kichwani akiwa kazini kwenye mjengo, hana neno. Mkono wa kulia umekufa, wa kushoto unatetemeka, hauwezi kalamu. Anaelewa kila kitu, kutoa ndiyo ameshindwa. Nikimuuliza, "Elam, twende nyumbani?" kichwa kinashuka. Sharon binti yake akimuuliza, "Baba, tubaki Kibera?" kichwa kinashuka pia. Kama mjusi ukutani. Sasa mtu kama huyo utajua anataka nini?

Sharon ndiye alileta habari ya mashine. Mchana anafulia watu nguo kule Nyayo Highrise, jioni anaenda darasa la kompyuta la kanisa. Akaja na kompyuta ndogo kama pakiti ya karata, haina kioo, haina chochote, na bodi nyingine ya kutoa sauti inayokaa juu yake, kama mtoto mgongoni kwa mama. Ile ya chini ina pini zimesimama kama meno ya kitana, ile ya juu inazimeza. Halafu kuna vitufe vikubwa, kila kimoja na neno lake. Baba yake abonyeze kwa mkono wa kushoto, spika iseme.

Lakini maneno lazima mtu ayaseme kwanza yarekodiwe. Ndugu yake Elam aliahidi kuja, na unazijua ahadi zake. Basi nikasema mimi, kwenye simu ya Sharon. Maji. Choo. Naumwa. Ndiyo. Hapana. Nimechoka.

"Shosho, usigombane na simu, ongea tu poa," Sharon akasema.

Nikamwambia hii ndiyo sauti niliyopewa na Mungu, na bibi kuitwa shosho ni kwa Wakikuyu, mimi ni guku wako.

Siku ya kuiwasha, kompyuta ikawaka, lakini haikuiona bodi ya juu. Sharon anaiandikia kwa simu yake, inamjibu humo humo kwamba hakuna kadi ya sauti. Hebu niambie, ni mama gani hajui ana mtoto mgongoni? Akabadilisha waya wa umeme. Akafuta kila kitu ndani akakiweka upya. Akazima, akawasha. Elam kalala pale kitandani anatazama, mkono juu ya kitufe. Anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Respa, nimezika mume na nimezika watoto, lakini kumtazama mtu mzima akibonyeza kimya kulinishinda. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Sharon akaipeleka Kawangware, pale Kabiro, kwa Mutua, Mkamba mmoja anayetengeneza redio. Akarudi mbio, eti kule imesema yote. Tukaiwasha hapa kwetu, kimya. Akaipeleka tena, kule inasema, hapa bubu. Nikasema nyumba hii ina kitu. Nikaita akina mama wa kanisa waombe. Waliomba, wakamaliza chai yangu, mashine haikusema.

Mwishowe Mutua akaja mwenyewe. Akatazama kochi, akatazama televisheni, akatazama ndoo ya maji, vyote nimevifunika vitambaa kama nyumba yoyote ya Mluhya yenye heshima. Kisha akainamia mashine.

"Shosho, na hii hapa katikati ni nini?"

"Ni kitambaa. Nimeifumia. Vumbi la huku kwetu Sarang'ombe halina adabu."

"Woi! Kompyuta mmeivalisha sweta!"

Acha kucheka, Respa. Nilikifuma vizuri, kwa ule uzi mweupe, nikaacha matundu pini zipite. Sharon aliziona zimetokeza akadhani zinafika. Kumbe uzi umeinua bodi ya juu, kidogo tu kama unene wa ukucha, na pini haziingii vizuri. Na huyu msichana, kila akienda Kabiro alikuwa anakivua, eti ataona haya mbele ya vijana. Akirudi anakirudisha, eti asiniudhi. Nilimgombeza mpaka Mutua akaangalia chini. Kama unaona haya, si uione hapa hapa nyumbani, tujue mapema!

Mutua akakitoa, akaikandamiza bodi mpaka ikakaa. Sharon akaandika. Mara hii mama akamwona mtoto wake.

Elam akabonyeza. "Maji," spika ikasema. Nikampa. Nilipomwona amemeza, sikungoja. Nikamwambia Mutua akae awe shahidi.

"Elam, wajomba zako wamekujengea. Twende nyumbani?"

"Hapana."

Hiyo hapana niliirekodi vile ninavyofukuza mbuzi kwenye maharagwe. Nikasema kidole kimeteleza. Nikamuuliza tena, polepole.

"Hapana." Kisha kidole kikatafuta, kikapata. "Nimechoka."

Akanikatalia kwa sauti yangu mwenyewe, Respa. Nitabishana na nani? Labda ana haya. Aliondoka huko ameshika mwiko wa mwashi, hataki arudi amebebwa kama gunia, watu wa sokoni wakimtazama. Sikumuuliza sababu. Hatukumwekea kitufe cha sababu.

Basi waambie waache kukandika. Udongo uliobaki ukandikie jiko lako, linapasuka. Msalimie yule mjomba wake anayeongoza kazi, mwambie hajakosewa heshima. Msalimie mzee wa kanisa, na yule jirani anayenikamulia ng'ombe. Mwambie maziwa sasa ni yake. Nilikuwa nangoja nirudi pamoja na Elam. Kwa kuwa yeye harudi, mimi nitarudi na nani?

Kile kitambaa nimekifua, kimo humu ndani ya bahasha. Ni kidogo, hakiwezi kufunika kiti. Kifunikie kikombe changu kilicho huko kwako, kisiingie vumbi.

Dada yako mkubwa, ambaye bado anakugombeza,
Rodah