Kisanduku nilichoacha wazi

Kingi, Jumamosi. Ukungu umekaa juu ya vilima tangu asubuhi, nguo za mutoto hazikauki.

Unisamehe, shajara yangu ya mtandaoni, nimekawia. Miezi miwili sikuandika neno. Kwanza ilikuwa uchovu. Tangu Jumatano iko aibu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni Mama Furaha. Tulikimbia kutoka Nyamitaba, binti yangu mgongoni, wakati mume wangu alikuwa Walikale akipasua mbao porini. Hatujapashana habari tangu Furaha hajaota meno. Sasa anakimbia. Hapa kambini Kingi nilipata kazi ya kuandika watu wanaotafutana. Fishi, yaani fomu ya kila mtu, naijaza kwenye telefone, inaenda kwenye mashini kubwa kule Goma, na kule Walikale dada Riziki, mwenzangu wa kazi, anafungua ileile, anaongeza anachokijua.

Na fishi yangu imo.

Shuleni mwalimu alitufundisha: pale usipojua, piga mustari, mwingine asije akajaza uongo. Telefone haina mustari. Basi kwenye kisanduku cha "mahali alipo mume" niliacha wazi. Nilidhani kuacha wazi njo ukweli.

Jumatatu nilifungua fishi yangu kubadilisha kitu kimoja tu, namba ya hema, maana tumehamishwa. Rezo, mtandao wa telefone, ilikuwa imekatika siku mbili, sikuweza kuona kama kule kuna jipya. Iliporudi nikatuma.

Jumatano Riziki akapiga. "Mama Furaha, nani alifuta? Bwana yako alipita hapa Jumapili. Niliandika fasi anakaa, jina la kijiji. Sasa iko tupu."

Nilikaa chini, kwenye matope.

Riziki akaniambia mume wangu alikuja kwa miguu yake. Ana kovu la msumeno kwenye kidole gumba, ni yeye. Aliuliza kama Furaha anatembea. Lakini siku ile Riziki aliandika watu wengi, jina la kijiji limemtoka. Anakumbuka tu kwamba alisema atarudi siku ya soko.

Nilimpigia kaka Bahati, anayetengeneza programu kule Goma. Alinieleza polepole, kama unavyomlisha mutoto uji.

"Mama, ukituma kisanduku kitupu, mashini inasikia: futa kile kilikuwa mule. Usipotuma kisanduku kabisa, inaacha ya zamani. Sasa programu yetu inatuma bisanduku byote, hata bile haukugusa."

"Kumbe iko kama mama mukwe wangu," nikamwambia. "Ukinyamaza, anasema umekataa."

Alicheka, akasema atatengeneza wiki ijayo. Nikamwambia hapana, kaka. Leo. Kisanduku ambacho sikugusa kisisafiri. Na uweke neno "haijulikani", kwa sababu kutojua si sawa na kukosa. Jioni alituma programu mpya. Nimeijaribu mara tatu, inaacha ya zamani.

Lakini kilichofutika hakirudi. Ni wamama wangapi hapa nimewafutia bila kujua? Tangu juzi napita hema kwa hema na daftari, nauliza upya. Mmoja aliniambia, "Na we mwenyewe, nani anakuuliza?" Nikaandika jina lake, nikaenda hema lililofuata.

Miezi yote hii nilitamani kujua fasi moja tu, nilale nikiwa nimegeuzia uso upande ule. Ilikuwa imeandikwa. Ni kidole changu kilichoifuta.

Dada Riziki, najua unasoma hapa. Siku ya soko usiondoke kabla hajafika, tafadhali. Ningali nahitaji: jina la kijiji, na la mwenye nyumba anapolala. Namba ya telefone, hata ya jirani. Kama kifua bado kinamsumbua. Siku anayoweza kushuka ao mimi kupanda. Usichokijua usikiandike, kiache nje, nitangoja. Na sauti yake, hata kidogo, akitaja jina la Furaha.