Sili Aliyenilalia Miguuni

Dada Rehema, nakusalimu wewe na watoto hapo Langley Park kutoka Antaktika, ambako hata kope zangu zinaganda.

Jana tulishuka pwani kutoka meli ya watalii kwa boti ya mpira. Bibi Helen, yule mzee ninayemtunza, alikaa kwenye jiwe, nami nikaketi chini nimfunge kamba za viatu. Mara mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini mwenye mapezi, mnene kama gunia la mchele, akanijia, akanilalia miguuni na kuanza kukoroma.

"Usimguse!" nahodha akapiga kelele. "Hapa wanyama hawasukumwi."

"Na asipoondoka?"

"Tutakuletea chai."

Nilikaa saa nzima nikimbembeleza: "Baba, tafadhali, miguu imekufa ganzi." Akanipigia chafya usoni. Bibi Helen, ambaye hajacheka tangu amzike mumewe, alicheka mpaka meno yake ya bandia yakadondoka kwenye theluji, na pengwini akaja kuyakagua.

Meno tuliyaokota salama. Leo asubuhi Bibi Helen amemaliza uji wote, akaniuliza, "Mwanaidi, tunashuka tena saa ngapi?"

Nimewakumbuka sana. Wabusu watoto, na wewe ulale mapema.

Mdogo wako,
Mwanaidi