Siku Mama Neema Alipokuwa Watu Wawili

Jumanne, Lushoto. Ukungu umegoma kuondoka, nami nimeshinda na swali moja: mtu akibadilisha namba ya simu, anakuwa mtu mwingine?

Kwenye mfumo wangu, ndiyo.

Niliwaandikia wafugaji wa Kwai mfumo wa kutunza habari za ng'ombe wao: chanjo, uzazi, magonjwa. Kila mfugaji nilimtambulisha kwa namba yake ya simu. Huo ndio ulikuwa ufunguo wake mkuu, alama ya kumtofautisha na wengine wote, na jedwali la ng'ombe lilimjua mwenye ng'ombe kwa namba hiyo tu. Nilijiona nina akili sana.

Wiki iliyopita Mama Neema alipoteza simu, akachukua laini mpya. Nikabadilisha namba, nikahifadhi. Hakuna kilicholalamika. Nikaenda kunywa chai.

Leo saa nne bwana mifugo akanipigia akiwa zizini kwa Mama Neema.

"Dada, huyu ng'ombe hana historia yoyote humu. Nimchome tu?"

Nyuma yake nikamsikia Mama Neema: "Kuna dawa ilimwangusha mwaka jana! Jina silikumbuki, lakini mliandika!"

Kweli tuliandika. Nikamwomba bwana mifugo asubiri, nikatafuta jina lake kwenye mfumo. Nikakuta akina Mama Neema wawili. Wa namba ya zamani ana ng'ombe watatu. Wa namba mpya hana hata ndama.

Nikamsomea jina la dawa. Ndiyo hiyo aliyokuwa ameshaivuta kwenye bomba la sindano.

Akaimwaga.

Woga ulipopungua, udadisi ukanishika. Nilirudia kosa lile kwenye nakala ya majaribio, nikitazama ORM, programu inayogeuza msimbo wangu kuwa maagizo ya hifadhidata, inaagiza nini hasa. Inatafuta mstari wenye ufunguo mpya. Haiuoni. Basi inaandika mstari mpya, na ule wa zamani haiugusi.

Haikukosea. Ilinitii.

Jioni nimempa kila mfugaji namba ya ndani isiyo na maana yoyote, ambayo haitabadilika. Ng'ombe wote nimewahamishia huko. Simu sasa ni taarifa tu, kama jina la kijiji.

Kisha nikampigia Mama Neema. "Shikamoo mama. Nilikufanya watu wawili, nisamehe."

"Marahaba mwanangu. Huyo mwingine ungemwacha anisaidie kukata majani."

Nimecheka, lakini sijatulia. Nimewabadilishia wengi namba tangu mwaka jana. Ni wangapi nimewagawa bila wao kujua? Kesho asubuhi naanza kukagua majina, na herufi A.